Mizani yasema mafuta asilimia 37 asubuhi na 34 jioni: niamini ipi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Langoni, Lamu. Nimelifupisha kidogo:

"Nina miaka 41, urefu wangu sentimita 160. Ndugu yangu aliye Mombasa ameniletea mizani ya kioo inayoungana na simu. Uzito ni kilo 74. Mafuta, asubuhi inaniandikia asilimia 37.4, jioni ya siku hiyo hiyo 34.0. Kaka yangu mkubwa ni mvuvi, kitambi hana, naye inamwandikia 24. Mama yetu, ambaye miguu humvimba, inamwambia mafuta yake yanapungua. Mimi inaniambia umri wa mwili wangu ni miaka 53! Tangu Ramadhani nimepunguza wali wa usiku na natembea mpaka Shela mara tatu kwa wiki. Niiamini au niirudishe?"

Usiirudishe, dada. Kilo 74 ziamini. Ile asilimia ya mafuta ndiyo usiipe imani hiyo hiyo, kwani hizi namba mbili hukaa kwenye kioo kimoja lakini hazikupatikana kwa njia moja. Uzito umepimwa. Mafuta yamekisiwa kutokana na kitu kingine.

Muuza madafu unamjua anavyofanya. Huligonga kwa mgongo wa panga, husikiliza, akakwambia hili la maji, hili limeshakuwa koroma. La ndani hajaliona. Amesikia mlio, ameangalia rangi ya ganda, na mazoea yake ya miaka yakamalizia. Mara nyingi hupata, na siku nyingine mwapasua nyote wawili mkatazamana. Mizani yako hufanya kazi ya muuza madafu, ila yeye akikosea hukuongezea jingine.

Chini ya nyayo zako pana visahani vinne vya chuma, viwili kila mguu. Kwenye mizani nyingine huvioni, ni utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo. Ukipanda bila viatu, mizani hupitisha umeme mdogo sana, chini ya miliampea 1, ambao mtu hauhisi. Umeme huo huingia mguu mmoja, hupanda paja, hukatiza nyonga, hushuka mguu wa pili. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vyema, na mwili ukiuondolea mafuta, karibu asilimia 73 ya kinachobaki ni maji. Mafuta yenyewe yana maji machache, kwa hiyo umeme hupita kwayo kwa taabu. Mizani hupima umeme umezuiwa kiasi gani, yaani ukinzani. Kupima kumeishia hapo.

Yanayofuata ni hesabu. Mwaka 1969 ilionyeshwa kwamba ukichukua urefu wa mtu, ukauzidisha kwa wenyewe, kisha ukaugawanya kwa ukinzani wake, utapata namba inayokwenda sambamba na maji yaliyomo mwilini mwake. Kwenye maji hukisiwa nyama na mifupa. Hivyo vikiondolewa kwenye uzito, kinachobaki huitwa mafuta. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Tanita ya Japani ikaliingiza wazo hili kwenye mizani ya kusimamia, na leo hata mizani ya bei ya chini hutumia njia ya namna hiyo. Kila kampuni ina fomula yake, na nyingi haziitangazi. Ndani ya fomula hiyo umo urefu wako, uzito wako, umri wako, na kama u mwanamke au mwanamume. Yaani sehemu kubwa ya jibu uliipa wewe mwenyewe siku ile ulipokuwa ukijaza simu.

Mimi niliijaribu yangu, hapa nyumbani Malindi, mchana mmoja wa Jumapili ambao sikuwa na kazi ya maana. Nilipanda ikasoma asilimia 33.1. Nikashuka, nikachukua dumu la mafuta ya kupikia la lita 5, tupu la mafuta lakini nimelijaza maji ya bomba, nikalikumbatia kifuani nikapanda tena. Uzito ukaongezeka kilo 5 na kidogo, sawasawa kabisa, sina la kuilaumu. Mafuta yakapanda yakafika 35.6. Dumu lilikuwa na maji matupu! Lakini umeme haukupita kwenye dumu, ulipita miguuni mwangu kama kawaida, ukakuta ukinzani ule ule. Fomula ikaona mtu ameongezeka uzito na miguu haikubadilika, ikaamua kwamba sehemu kubwa ya kilichoongezeka ni mafuta. Basi jua kwamba ukinywa lita moja ya maji ukapanda papo hapo, yale maji yaliyo tumboni nayo huhesabiwa hivyo hivyo.

Nikafanya na la pili. Nikaingia kwenye programu nikajiandika mwanamume, nikapanda tena bila dumu. Nikashuka mpaka 25. Mwili ule ule, dakika ile ile, na pilau ya mchana bado haijashuka. Nawe jaribu, kisha urudishe maelezo yako kama yalivyokuwa. Hakuna maelezo yangu yatakayokushawishi kama dakika hiyo moja.

Sasa asubuhi na jioni. Ukilala usiku kucha, maji yaliyokuwa yamejikusanya miguuni hurudi kiwiliwilini. Alfajiri miguu ina maji machache, umeme hupata taabu, mizani husema mafuta mengi. Mchana kutwa umesimama jikoni, umepanda na kushuka ngazi, maji yameteremka, jioni umeme hupita kwa raha, mizani husema mafuta machache. Tufanye hesabu ya namba zako. Asilimia 37.4 ya kilo 74 ni kilo 27.7. Asilimia 34 ni kilo 25.2. Ili namba zote mbili ziwe za kweli, ungekuwa umeyeyusha kilo mbili na nusu za mafuta kati ya chai ya asubuhi na Magharibi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori 7,700 hivi, kwa hiyo hizo ni kalori zaidi ya 19,000, na mwanamke wa kimo chako kwa siku hutumia kama 2,000. Basi hukuyeyusha kitu. Maji yamehama.

Na angalia linalofuatia. Jedwali la rangi ambalo programu nyingi hutumia huweka wanawake wa miaka 40 hadi 59 katika "kawaida" wakiwa kati ya asilimia 23 na 34, na juu ya hapo huanza rangi ya onyo. Wewe asubuhi umeonywa, jioni umesimama mpakani mwa kusifiwa. Ndiyo maana huwaambia wagonjwa wangu wasizitazame zile rangi kabisa.

Ramadhani huivuruga zaidi. Mtu aliyefunga, akapanda saa kumi na moja jioni kabla ya futari, mwili umekauka, ukinzani umepanda, ataambiwa amenenepa mafuta siku ambayo hajala chochote tangu daku. Akishafuturu kwa sambusa na kachumbari ya chumvi, akalala na kuamka, mwili umeshika maji, hesabu yageuka tena. Kwa wanawake pia siku za mwezi huleta maji. Jua kali, homa, kuharisha, kutoka kutembea na jasho bado linatiririka, yote haya hugusa namba. Kwa hiyo kama uliiona imepanda katikati ya mfungo ukavunjika moyo, usilihesabu hilo.

Nije kwa kaka. Mvuvi asiye na kitambi kupewa 24 hakunishangazi. Kwanza nyayo. Mtu anayetembea peku juu ya mchanga na mbao za mashua miaka thelathini hujenga ngozi nene na magaga, na ngozi kavu iliyo nene huzuia umeme mlangoni, hata kabla haujaingia mwilini. Pili miguu yenyewe. Umeme hupata upinzani mwingi zaidi mahali pembamba na parefu, kama maji kwenye mpira mwembamba. Miguu ni miembamba, kiwiliwili ni kipana, kwa hiyo ukinzani karibu wote unaosomwa unatoka miguuni, wakati karibu nusu ya uzito wa mtu uko kiwiliwilini. Mtu mwenye miguu mirefu kuliko wastani wa watu waliotumiwa kutengeneza fomula atapewa mafuta asiyokuwa nayo. Na watu hao waliopimwa, kwa fomula nyingi, walikuwa Ulaya, Marekani na Japani. Wavuvi wa Lamu hawakuitwa. Mikono na mabega yake, ambako ndiko nguvu ya kuvuta jarife ilipo, mizani haikuigusa hata kidogo.

Mwambie aoshe miguu, aisugue kwa jiwe, aikaushe, apande tena. Huenda ikashuka. Lakini hata isiposhuka, mtu anayevuta nyavu kutwa na suruali yake ya miaka kumi bado inamwenea hana haja ya namba hiyo.

"Umri wa mwili" nitaupitia haraka kwa sababu ndivyo unavyostahili. Programu hukisia mwili wako hutumia nishati kiasi gani ukiwa umepumzika, ikalinganisha na wastani wa watu wa umri fulani, basi. Haikuona moyo wako, haikuona mishipa, haikuona damu. Ile namba ya mifupa nayo imetolewa kwenye hesabu, umeme wa miguuni hauwezi kuhesabu mifupa. Kampuni zinajua kwamba mtu hupenda kufungua simu akute vitu kumi na tatu badala ya kimoja.

Utaniuliza, basi kosa lake ni kubwa kiasi gani? Watafiti huilinganisha na mashine ya DEXA, ambayo humlaza mtu na kumpitishia mionzi hafifu ya eksirei ya aina mbili, ikatenganisha mifupa, mafuta na nyama. Zamani waliwapima watu chini ya maji, kwa kanuni ya Archimedes, kwani mafuta ni mepesi kuliko maji na misuli ni mizito. Katika ulinganisho kama huo, uzito wa mizani za nyumbani hutoka vizuri sana. Mafuta, kwa mtu mmoja mmoja, huweza kupotea pointi tano au zaidi, juu au chini, na kilo kadhaa ukizigeuza kilo. Kwa kundi la watu mia wastani waweza kuonekana mzuri, kwa sababu aliyezidishiwa na aliyepunjwa hufutana. Wewe si wastani wa watu mia. Hata DEXA hupishana pointi moja au mbili, na mashine mbili zaweza kutokubaliana, kwa hiyo sikushauri upande ndege pale Manda kwenda kuitafuta. Zile mizani zenye mikono ya kushika, za kwenye ukumbi wa mazoezi, ni afadhali kidogo maana umeme hupita mikononi na kifuani pia, lakini nazo mwisho wake ni fomula.

Mizani ya muuza samaki pale sokoni hapa Kenya, sheria inataka ikaguliwe na ipigwe muhuri. Namba ya mafuta kwenye simu yako haina wa kuipigia muhuri.

Wako watakaokwambia: haidhuru, namba yenyewe si ya kweli, lakini tazama inavyokwenda, ikishuka ujue unapungua. Nami zamani nilikuwa nikisema hivyo, na kuna ukweli ndani yake, ila si mwingi kama nilivyodhani. Tuseme umefanya bidii mwezi mzima ukapunguza kilo mbili, na zote mbili ni mafuta, hakuna hata gramu ya maji wala misuli. Tuseme ulikuwa na kilo 27 za mafuta kwenye 74, yaani asilimia 36.5. Sasa una 25 kwenye 72, asilimia 34.7. Mwezi mzima wa kujinyima na kwenda Shela kwa miguu umekupa pointi 1.8, na mizani yako huyumba pointi 3.4 kati ya asubuhi na jioni. Utaionaje? Isitoshe, uzito umo ndani ya fomula, kama lilivyotuonyesha dumu. Ukipungua uzito, asilimia nayo itashuka hata kama umepoteza misuli. Unadhani mizani imekuletea habari ya pili, kumbe imekurudia ile ile ya kwanza kwa maneno mengine.

Kwa hiyo itumie hivi. Tafuta mahali pagumu na tambarare. Nyumba zetu za kale zina sakafu za chokaa zenye mabonde, na nimeona watu wakiweka mizani juu ya mkeka au jamvi kisha wakashangaa kupungua kilo tatu. Tafuta kipande cha saruji kilichonyooka, pengine pale ukumbini au jikoni, uweke alama, isihame. Panda asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya chai, miguu safi na mikavu, nguo nyepesi. Andika uzito peke yake. Mwisho wa wiki jumlisha saba ugawe kwa saba, na hiyo ndiyo namba utakayoilinganisha na ya wiki ijayo. Ukitaka kuchungulia mafuta, chungulia mara moja kwa mwezi, saa ile ile, wiki ile ile ya mzunguko wako, uwe umeshasimama na kutembea robo saa tangu kutoka kitandani.

Kisha nenda kwa fundi wako wa nguo, umwazime futi yake, au ununue, ni pesa kidogo. Mafuta yanayoleta sukari na presha kwa wingi ni yale yaliyojificha tumboni, kandokando ya ini na matumbo, na umeme wa mizani yako hupita chini yake tu, nyongani, ukaendelea na safari. Futi huyazunguka. Pandisha dera, usipime juu ya nguo. Tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho chini, tafuta mfupa wa nyonga, katikati yao ndipo pa kupitisha futi, iwe imenyooka mbele na nyuma, iguse ngozi bila kuibana. Pumua, toa pumzi kwa kawaida, soma. Usiliingize tumbo ndani, hapo hakuna wa kumvalia sura. Kipimo kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Wewe una 160, kwa hiyo tunatafuta chini ya 80. Kikipita 88, kwa mwanamke hatari imekuwa kubwa zaidi. Kwa kaka, hatari huanza kuongezeka kwenye 94, na najua futi yake haitafika huko.

Uzito wako kwa kimo chako unakupa namba 28.9 ukigawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Iko juu ya 25, haijafika 30. Sikutishi na sikubembelezi: kupungua kilo nne au tano polepole kutakufaa, na ulichoanza, wali wa usiku na Shela, ndicho ningekwambia uanze. Kwenda Shela kwa njia ya ufuoni ni kama dakika arobaini, na mchanga mlaini hukufanyisha kazi kuliko lami ya watu wa Malindi. Ongeza kitu cha misuli: kubeba, kuinuka na kuketi kwenye kiti mara kumi na tano bila kushika. Mahamri sikukatazi, ila yasiwe matano. Na upime presha na sukari, huna haja ya kungoja dalili.

La mama ndilo nililoliacha mwisho, na ndilo lililonifanya nijibu barua yako mapema. Miguu inayovimba imejaa maji. Kwa mizani, miguu iliyojaa maji ni miguu ambayo umeme unapita bila shida, kwa hiyo husoma mafuta yamepungua. Inamsifu kwa uvimbe. Uvimbe huo waweza kuwa wa kusimama tu au wa dawa fulani za presha, na waweza kuwa wa moyo, figo au ini, na nyumbani hatuwezi kutofautisha. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, hesabu mpaka tano, uachie. Kikibaki kishimo, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyokiona. Muulize mama kama hushindwa kupumua akilala chali, au huamka usiku kutafuta hewa. Kama ndiyo, au kama uvimbe uko mguu mmoja tu na unauma, mpeleke leo, msingoje Jumatatu. Kama siyo, basi ndani ya wiki hii, na mchukue dawa zake zote kwenye mfuko.

Na kwa yeye iandike kilo zake kila asubuhi, kwani uzito ukipanda kilo mbili au zaidi ndani ya siku chache, hayo ni maji, na daktari atataka kuiona karatasi hiyo. Kama amewahi kuwekewa kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo, asipande kabisa mizani hiyo; mtafutie ile ya kawaida ya mshale.